Gari Lisiloweza Kubeba Gunia

Nimependa magari tangu utoto wangu Bujumbura, kwa hiyo nina haki ya kusema: magari ya michezo ya siku hizi yananitia kinyaa. Yako chini mno, yakikutana na tuta la barabarani ni dereva anashuka kuliomba msamaha. Yana viti viwili, kimoja cha mwenye pesa na kingine cha mtu wa kumsifu. Gari lisiloweza kubeba gunia la maharagwe si gari, ni kiatu. Na zile mbio za wazungu zinazoonyeshwa kwenye simu, magari yanazunguka njia ileile ya lami kama mbuzi aliyefungwa kambani, halafu mshindi anawamwagia wenzake mvinyo. Nimeacha kuzitazama. Yaani nazitazama, lakini kwa hasira.

Mbio za kweli ni za vumbi. Nilipokuwa kijana nikiendesha pikapu ya ushirika wa kahawa, gari la mbio lilikuwa Peugeot 504. Jumamosi lilipita matopeni, Jumatatu likapeleka watoto shule. Hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda ambako nalima mahindi tangu tulipokimbia, jina langu Melchior halitumiki sana: majirani wananiita Papa Élyse kwa jina la binti yangu, lakini vijana wanasema Mzee Peugeot. Wanadhani wananitania. Mimi nalipokea kama cheo.

Mwenzangu katika ugonjwa huu ni Jamiru, mwenye duka la vipuri kule Ruti, Mbarara. Yeye Mwislamu, mimi Mkatoliki, na katika mambo ya dini hatujawahi kukosana. Tunagombana kwa ajili ya magari tu. Ndiye aliyeniletea habari kwamba mbio za mwaka huu zitapita kwetu, kwenye barabara ya vumbi itokayo kambini kwenda Isingiro, na kwamba mpwa wake Muhammed atakuwa miongoni mwa madereva.

"Utaona gari ya Muhammed, sebo. Iko na pawa mbaya!" Sebo kwao ni bwana.

"Pawa ya kufanya nini? Inaweza kubeba gunia?"

"Wewe unapenda kitu ya zamani tu," alisema Jamiru, na alikuwa na haki.

Asubuhi ya mbio, Élyse alishikwa na uchungu. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mke wangu Libérate na mkwe wetu Audace wakampeleka kituo cha afya, nami nikasema nitafuata. Uchungu wa mimba ya kwanza huchukua siku nzima, kila mtu anajua, na wodi ya wazazi si mahali pa wanaume. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nikaenda kwenye kona ya barabara ya mbio.

Jamiru alikuwa ameshatushikia nafasi juu ya kichuguu. Watu walijaa kingo zote mbili wakiwa na matawi ya kupunga, maana hapa shabiki wa mbio bila tawi ni kama muumini bila rozari. Wengine walikwisha kulewa kabla jua halijapata nguvu. Wengine walijipanga upande wa nje wa kona, hasa pale gari likiteleza litakapokwenda, wakisubiri kuligusa kwa mkono. Niliwatazama kwa kinyaa. Mtu ana mama, ana watoto, anataka kufa kwa kugusa bampa.

Simu ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa Libérate. Nililiona jina lake, na wakati huohuo nikasikia gari la kwanza likishuka kilima. Nikairudisha mfukoni. Gari likapita, eksozi ikipasuka pa-pa-pa kama mahindi kikaangoni, likatumwagia vumbi, likaenda zake. Ni hilo tu. Dereva hakulala nalo kwenye kona, hakulibembeleza. Alikanyaga mafuta, akakanyaga breki, kama mtu anayeua nyoka. Likaja la pili, bovu kuliko la kwanza. Simu ikatetemeka tena. "Ngoja hili lipite," nikasema, kana kwamba Libérate alikuwa amesimama pale. Baada ya la tatu ndipo nikapokea.

"Papa Élyse, uko fasi gani?" Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mtoto hatoki. Amekaa vibaya. Muganga anasema ni operesheni, ni Mbarara sasa hivi, la sivyo tunawapoteza wote wawili. Ambulansi yetu ilipeleka mtu asubuhi, na sasa imezuiwa kule Isingiro juu ya hizo gari zako."

"Gari zangu?"

"Zako! Si nasikia mlio wake hapo ulipo?"

Nilishuka kichuguu nikianguka. Msimamizi wa kona ile alikuwa kijana wa fulana ya njano aitwaye Ngoga, Mnyankore wa hukohuko Isingiro, mwenye filimbi na redio ya mkononi. Na nyuma yake, chini ya mikaratusi, ilisimama ambulansi nyeupe, mpya, milango wazi, kitanda kimetandikwa shuka. Dereva wake alikuwa akila mishikaki. Nikamweleza Ngoga. Nilimwambia binti yangu anakufa, amwambie huyu bwana amalize nyama twende.

"Pole sana, mzee. Hiyo ambulansi ni ya race," alisema. "Ikitoka, race inasimama. Ndiyo rule."

"Kwani kuna mtu ameumia?"

"Bado."

"Sasa inangoja nini?"

"Inangoja wa kuumia."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, na kanuni ile niliijua. Nimemsifia Jamiru kanuni hiyo mara nyingi: mbio haziendi bila gari la wagonjwa. Nilikuwa naiona kama akili kubwa ya watu wa mbio. Sasa nikaiona ilivyo. Kitanda safi kilikuwa kimewekewa mtu mzima aliyeamua mwenyewe, kwa pesa zake, kwenda kuvunja shingo yake. Binti yangu, ambaye hakuwa anacheza, hakuwa na kitanda. Nilizichukia mbio, nikalichukia lile vumbi nililokuwa nalipenda mpaka harufu yake.

Nikachukua tawi, nikapanda ukingoni, nikaanza kulipunga kwa nguvu zangu zote ili gari linalokuja lisimame. Nikapiga kelele: "Simama! Simama!" Watu wakaniona mzee mzima ninavyoruka, wakafurahi. Kwenye kingo zote mbili wakainua matawi yao wakapunga pamoja nami, wakishangilia. Dereva akatuwashia taa kutushukuru, akaongeza mwendo. Mlevi mmoja akanipiga begani, akaniambia mimi ndiye shabiki kweli.

Wakati huo ndipo nilipomwona Audace. Alikuja kwa njia ya miguu kati ya migomba, yeye na wanaume watatu, na mabegani mwao walibeba ingobyi, kile kitanda cha mianzi ambacho kwetu Burundi hubebea wagonjwa wa milimani. Libérate alitembea kando ameshika mkono wa Élyse. Hawakuwa wameningoja. Walikuwa wanaifuata kwa miguu ile ambulansi yetu iliyozuiwa Isingiro, na njia ya Isingiro ilikuwa ileile ya mbio.

Sheria ya ingobyi haijaandikwa mahali. Wanyankore nao wanayo, wanaiita engozi, na sheria yao ni ileile. Ukikutana nayo njiani, unatua ulichobeba, unapisha, na kama una mabega unaingia zamu. Mfalme au mwizi, hakuna anayeipita. Kelele zikafa kwanza pale ilipotokeza, kisha upande wa pili. Waliokuwa nje ya kona wakarudi nyuma wenyewe, wale ambao filimbi ya Ngoga ilikuwa imeshindwa kuwasogeza asubuhi nzima. Matawi yakashuka. Yule mlevi akavua kofia.

Lakini gari jingine lilikwisha kusikika kilimani. Jamiru, ambaye amezeekea kwenye malori, ndiye aliyepata akili. Alinyang'anya watu matawi, akakimbia kabla ya kona, akayatandaza barabarani kama afanyavyo utingo gari lao likiharibika. Mimi nikamfuata na mengine. Kila dereva wa nchi hizi, hata awe amevaa kofia ya chuma, anajua matawi barabarani maana yake nini. Gari likatokea, likayaona, likafunga breki, likaja kiubavuubavu mpaka nikafumba macho. Nilipofumbua lilikuwa limesimama, eksozi bado inapasuka, na ingobyi ilikuwa katikati ya barabara.

Alikuwa Muhammed. Nilijiandaa kwa matusi. Alizima injini, akashuka, akavua kofia.

"Nani huyo, ankoli?"

"Mtoto ya Mzee Melchior," Jamiru alimjibu. "Anazaa, mtoto amekataa kutoka."

Muhammed aliweka kofia yake juu ya gari, akaenda nyuma ya ingobyi, akamgusa bega mmoja wa wabebaji aliyekuwa anatweta, akaingia zamu na ile nguo yake ya mbio yenye matangazo ya mafuta na betri. Msaidizi wake alibaki ndani ya gari anaangalia saa.

Ngoga alikuwa ameshika redio. "Race imesimama. Nasema imesimama. Kuna engozi kwa barabara." Redio ikafoka kitu. Ngoga akajibu kwa ukali ambao sikuutegemea: "Engozi, sebo! Kwani wewe umezaliwa wapi?"

Na kwa kuwa mbio zilikuwa zimesimama, ambulansi haikuwa na mtu wa kumngoja tena. Dereva alikwisha kutupa mishikaki, amewasha injini. Tukamwingiza Élyse. Libérate na Audace wakakaa naye nyuma, mimi nikakaa mbele.

Nitasema jambo lililofuata ingawa linanichefua. Barabara yote hadi Isingiro ilikuwa tupu, imefungwa kwa ajili ya mbio, na yule dereva aliijua kazi yake. Alilegeza kabla ya kona, akaingia kwa nje, akakata ndani, akatoka bila kumtikisa mgonjwa. Nyuma yangu Élyse alikuwa analia kwa sauti ya chini, ya mtu aliyeishiwa. Na mimi, baba yake, nilikuwa naangalia miguu ya dereva, moyoni nasema: huyu sasa ndiye dereva.

Mbarara walimpokea bila kuchelewa. Tulikaa uani na ndugu za wagonjwa wengine, nikasali rozari yote nikairudia. Mwishowe Libérate alitoka na kutuambia: Élyse mzima, mtoto mzima, msichana. Audace alikaa chini palepale kwenye saruji. Mimi nililia, sioni haya kusema. Kisha Libérate akarudi ndani kwa binti yake, Audace nyuma yake.

Haukupita muda, Jamiru akaja na Muhammed. Kijana alikuwa bado na nguo ya mbio, uso wote vumbi, mkononi kilo ya sukari na mche wa sabuni, kama mtu aliyelelewa vizuri anavyokwenda kumwona mzazi. "Mama ya mtoto ako aje?" aliuliza. Nikamwambia. "Alhamdulillahi," akasema.

Neno la asante nililiandaa tangu Isingiro. Nilifungua mdomo kulitoa, kikatoka hiki: "Ulikuwa wa ngapi kabla ya kusimama?"

Uso wake ukawaka. "Wa pili kwa muda, mzee! Huyo wa kwanza alipita mbele yangu tu, nilikuwa namuona vumbi yake." Nikamuuliza matairi gani. Akanieleza. Nikamwambia anachelewa mno kufunga breki, akabisha, Jamiru akaingia upande wake, nikachora kona kwa kidole kwenye vumbi la ukuta kuwaonyesha mahali pa kulegeza. Tulikuwa tunaongea wote watatu kwa pamoja.

Sijui Libérate alikuwa amesimama mlangoni tangu lini. Mikononi alikuwa na mtoto, amefungwa kitenge, uso tu ndio unaoonekana. Katika ukoo wetu, mwanaume wa kwanza kumpokea mjukuu ni babu. Alikuwa amemleta kwangu.

"Nimekuita," alisema. "Nimekuita hapa pia."

Alinitazama kama mimi ninavyoyatazama yale magari ya viti viwili. Nikafuta kidole kwenye suruali, nikanyoosha mikono. Akanipita.

"Kuja, mwanangu," alimwambia Muhammed. "Shika wewe."

"Mimi, mama? Mikono yangu iko na vumbi."

"Shika. Wewe ulisimama."