Upande wa Pili wa Mashine

Kipkirui alipofika Kesses, hakutafuta damu. Alitafuta kishikio. Mashine yake ya kupukuchua mahindi ilikuwa bado uani kwa Mama Leonida, pale pale ilipozimwa siku ilipomla mkono, na hakuna aliyethubutu kuigusa tangu hapo. Kishikio cha upande wa jikoni kilikuwa kimefungwa chini kwa kipande cha leso, fundo juu ya fundo.

Akashusha pumzi. Basi si mashine, alijiambia. Ni wao.

Alihitaji kujua hilo leo. Mashine nyingine kama hii zilikuwa mashambani, mvua ilikuwa inanyemelea, na kila mwenye mahindi alikuwa mbioni. Kama kosa lilikuwa lake, ilibidi azisimamishe zote.

Hakusomea kazi hii. Alikuwa mchomeleaji wa mageti mjini Eldoret, akajifunza mashine kwa kuzifungua zilizokufa. Misimu mingi alikuwa ameona wanaume wakisalimia kwa vidole viwili, kwa sababu mashine za kupukuchua zilichukua vilivyobaki. Ndipo akaunda yake. Haikuzunguka mpaka watu wawili washike vishikio, mmoja kila upande, wakitazamana. Mikono yote minne ikiwa kwenye chuma, upi ungeingia kinywani mwa mashine? Yeye na Ndungu, mwenzake wa karakana, waliijaribu msimu mzima.

"Bosi, leo umekula kitunguu," Ndungu alikuwa akimwambia, uso kwa uso juu ya mashine. "Ongea ukiangalia kando."

Haikuwahi kuwakwaruza.

Aluoch, binti yake Leonida, alitoka jikoni na mtoto mgongoni.

"Wewe ndio fundi?"

"Ndio mimi. Poleni sana, dada." Akaonyesha fundo la leso. "Nani alifunga hapa?"

"Mama."

"Lakini nilimwonyesha mwenyewe. Lazima muwe wawili."

"Walikuwa wawili. Yeye na Otiende, bwanangu."

"Sasa kama walikuwa wawili, kwa nini wafunge?"

Aluoch alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia na viatu kitandani. "Fundi, ulitaka Mama asimame hapa, mkwe wake asimame pale, waangaliane machoni mpaka gunia lijae?"

Kipkirui alivitazama vile vishikio viwili. Kwao mama mkwe wake wa Plateau alimmiminia maziwa kwa mkono wake na kumcheka tumbo. Alijua kwamba kwa watu wa upande wa ziwa, kama hawa, mambo si hivyo, kwamba mkwe na mama mkwe huachiana nafasi. Alikuwa ameyaona arusini. Hakuwahi kufikiria kwamba jambo hilo lingekuja kusimama kando ya mashine.

Aluoch akamweleza. Siku hiyo alikuwa amempeleka mtoto kliniki. Mahindi yalikuwa yameanikwa, wingu likaja, na majirani wote walikuwa wanaokoa yao. Mama akafunga kishikio chake ili asisimame uso kwa uso na mkwe. Otiende akashika cha kwake na kugeuka, mikono nyuma, macho kwenye ua. Mahindi yakakwama. Mama akaita, lakini mashine ilikuwa inanguruma, na hakuweza kwenda kumgusa mkwe begani. Akaona ayasukume tu kidogo.

"Ingia umsalimie," Aluoch alisema. "Anajua umekuja."

Leonida alikuwa ameketi kwenye kochi, mkono wa kulia ukiishia kwenye bandeji chini ya kiwiko. Kabla Kipkirui hajapata neno, yeye ndiye aliyempa pole ya safari.

"Nilifunga mwenyewe, kijana wangu. Usijisumbue."

"Mama, ni mimi niliyekuweka mahali usipoweza kusimama."

Alitikisa kichwa, kana kwamba hilo lilikuwa dogo. "Mkono umeenda, basi. Lakini mkwe wangu alinibeba." Sauti ikashuka. "Mpaka barabarani. Watu wakiona. Kichwa changu kiko hapa, kifuani mwake." Akavuta leso kwa mkono wa kushoto akajifunika uso. "Tangu siku hiyo hajakanyaga ndani. Nasikia shoka tu. Kuni za mwaka mzima amepasua."

Nje, shoka lilikuwa linapiga.

"Wazee watakuja kutoka nyumbani, kuna mambo yatafanywa yatuweke sawa. Lakini hiyo ni mpaka wapatikane. Wewe mwambie leo. Asingenibeba ningekufa. Mwambie najua."

Kipkirui alizunguka nyumba. Otiende alikuwa kijana mrefu, na shati lake lilikuwa limelowa jasho. Alisikiliza ujumbe ameinamisha kichwa, kisha akalaza shoka chini polepole.

"Nilimpa mgongo," alisema. "Nilikuwa namheshimu, kaka. Ningekuwa mtu asiye na adabu, ningemwona."

Kipkirui akasogea kando, akampigia Ndungu.

"Wapigie wote. Wasimamishe mashine."

"Na hii mvua? Bosi, watatutukana mpaka mababu."

"Watukane. Na usiwaambie wamekosea. Waulize nani husimama upande wa pili."

"Yule mama wa Burnt Forest alisema jana kishikio kimoja wamekitundikia jiwe. Anafanya kazi na mtoto mgongoni, hawezi kuinama hapo. Mimi nikacheka."

"Anza na huyo. Sasa hivi."

Alipomaliza, alikata waya wa mota kwa koleo. Nusu ya mahindi ilikuwa bado chini ya turubai, mengine yameanza kuchipua. Akaketi chini, akavuta hindi la kwanza, akaanza kupukuchua kwa dole gumba. Baadaye Otiende alikuja akaketi, mgongo wake ukielekea mlango. Aluoch akaleta karai.

Leonida naye akatoka. Akaketi kwenye kigoda karibu na mlango, mbali na mkwe wake, akainama na kuchukua hindi kwa mkono wa kushoto. Akaliweka mapajani. Likaviringika. Akalibana kwa magoti, akasukuma kwa dole gumba, likachomoka na kuanguka vumbini. Otiende aliusikia mwanguko huo. Mikono yake ikasimama, lakini hakugeuka.

Leonida akaliokota, akalifuta vumbi kwenye leso, akalirudisha kwenye rundo.