Salamu za Obadiah

Obadiah, mtu wa redio ya mawasiliano kwenye ranchi huko Ndara, alikanywa mwaka mzima wa sabini na tatu: sema maneno machache, uachie kitufe, maana ukikibana humsikii mwenzako. Lakini mtu aliyelelewa Ronge angeanzaje kazi bila salamu? Jioni moja alikibana kitufe, akamuuliza Dinah wa kituo cha bondeni habari za mvua, mahindi, mama, hata mbuzi. Mkewe Wakio akapita dirishani na debe, akielekea kisimani. Obadiah akampungia mkono, akaendelea kuongea.

Alipoachia kitufe, sauti ya Dinah ilikuwa imekauka.

“Nakuita tangu uanze kuongea. Kuna ndovu aliyejeruhiwa, anakuja kisimani kwenu. Mtu asitoke. Ova.”

Nje, kwenye njia ya kisimani, vumbi la miguu ya Wakio lilikuwa limeshatulia.