Dude Lenye Mabawa Njia Panda

Mwaka huu vijana wa mtaa wetu walitengeneza dude la shetani lenye umbo la ndege ya abiria. Mianzi na karatasi tupu, meno nje, mabawa yamepita upana wa barabara, na tumboni bwawa la kuogelea la plastiki ya buluu. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini nilicheka kwa hasira pia, maana mpunga wangu ulikuwa ukichanua juu ya tope lililopasuka, na maji yake yalikuwa yakivutwa mferejini na pampu ya binamu yangu Gede, mwenye nyumba ya wageni pale njia panda. Kila ndege ikitua na watalii, bwawa lake la kuogelea linajazwa upya. Nikikosa maji wiki hiyo, sivuni kitu.

Jioni ya kuamkia Siku ya Kimya, mwaka mpya wa kisiwa chetu, tukalibeba dude letu. Desturi ni kulizungusha mara tatu njia panda, lipate kizunguzungu, lisahau njia ya kurudi. Shemeji yangu Rentet, kiongozi wa wabebaji, aliona tatu hazimtoshi shetani aliyezoea kusafiri angani. Akaamuru wazunguke tena. Ngoma zikakolea, sisi tukashangilia, wakazunguka tena na tena, na kizunguzungu kikawapata wao. Wakayumba, bawa likaparamia ukuta wa Gede, dude likaruka na kukalia kibanda cha pampu. Pampu ikakohoa, ikanyamaza.

Gede akatoka na taulo kiunoni.

"Rentet, hiyo pampu utaitengeneza sasa hivi."

"Kaka, kesho kazi ni mwiko, na leo siioni pampu moja. Naziona nne."

Kesho yake kisiwa kizima kikafungwa. Hakuna moto, hakuna kazi, hakuna kutoka, uwanja wa ndege nao kimya, anga tupu. Nilikuwa nimejilaza barazani niliposikia maji yakishuka mferejini na kuingia shambani kwangu. Furaha ikanipanda kichwani. Walinzi wa mtaa walikuwa wakipita kuhakikisha hakuna kelele, basi nikajiziba mdomo kwa mto, nikabiringika mkekani huku machozi ya kicheko yananitoka.

Siku inayofuata ni ya kuombana radhi, nyumba kwa nyumba. Nilikwenda kwa Gede na vitumbua vya mchele na uso wa huzuni wa kuazima. Nikamkuta ameketi ukingoni mwa bwawa lililopungua. Nikamwomba radhi kwa ukuta, kwa pampu na kwa kushangilia, kisha nikauliza fundi anakuja lini.

"Sijamwita," akasema. "Jana niliusikia mfereji, dada. Tangu baba afariki nikaweka pampu, sijausikia."

Juu yetu ndege ya kwanza ikapita, imejaa watu. Nikamwuliza hao wageni wake wataoga wapi.

"Ndoo ipo, kata ipo. Watazoea."

Safari hii nilicheka kwa sauti, na Gede naye akacheka.