Usanifu au Unatusanifu?

Profesa Yotamu alikuwa amenisahau. Mimi sikumsahau, wala sikujaribu.

Kule Mbeya, siku niliyotetea tasnifu yangu ya uzamivu katika usanifu, niliweka mezani ungo wa kupepetea mpunga niliousanifu upya pamoja na akina mama wa Madibira. Nikasema ungo wenyewe ndio hoja, maandishi yanaufuata. Yotamu akaugeuza kwa kidole kimoja, akauliza, "Binti, huu ni usanifu au unatusanifu?" Jopo zima likacheka, kana kwamba nilikwenda kuwadhihaki. Wakanifelisha. Shahada nilikuja kuipatia Iringa, katika fani nyingine, kwa majedwali ambayo hata mimi siyasomi, na kile kicheko nikakitunza.

Mwaka huu akaja Iringa kwa miguu yake. Kulikuwa na mdahalo kuhusu hali ya utafiti wa uzamivu katika usanifu, na mwisho wake jopo lingeamua kama chuo chetu kianzishe shahada hiyo, yeye awe mkuu wake. Mimi nilikuwa mjumbe wa jopo. Mwanafunzi wangu Mbuke, binti wa wafugaji wa Usangu, alikaa mbele na nira aliyoisanifu isiwachubue maksai shingo. Programu ikipita, yeye angekuwa wa kwanza kuingia. Isipopita, hakuwa na pa kwenda.

Yotamu akasimama, akasema kitu kilichosanifiwa ndicho hoja, maandishi yanakifuata. Maneno yangu yaleyale, bila haya. Tena aliyasema vizuri kuliko mimi, na hilo ndilo lililoniunguza. Akaomba nira ya Mbuke, akainyanyua watu waione.

Nikaomba nafasi.

"Profesa, huu ni usanifu au unatusanifu?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Akanitazama, na nikamwona ananikumbuka taratibu, mpaka jasho likamtoka. Lo, ilikuwa tamu. Akaishusha nira mezani, maana swali lilikuwa lake. Mwenyekiti akasema taaluma hii bado changa. Kura zikapigwa, programu ikaanguka.

Nilikuwa bado natabasamu Mbuke alipokuja kuchukua nira yake mezani.

"Kumbe madamu, na mimi nilikuwa nawasanifu?"

Nikaanza kumweleza habari za Mbeya. Hakusubiri nimalize. Aliiweka nira begani, akaniangalia vilevile nilivyomwangalia Yotamu siku ile kule Mbeya, akatoka.