Mkuu wa Siku ya Kinyume

Katika kambi ya likizo ya Mwalimu Safina, kila siku ilikuwa na jina lake. Jumatatu ilikuwa Siku ya Mgomba, watoto wakasuka mipira kwa majani makavu na kupanda machipukizi nyuma ya bweni. Jumanne ilikuwa Siku ya Ngoma. Jumatano, ambayo watoto waliisubiri kuliko zote, ilikuwa Siku ya Kinyume. Siku hiyo nguo hugeuzwa ndani nje, chakula cha jioni huliwa asubuhi, na mtoto mmoja huwa mkuu wa kambi tangu kifungua kinywa hadi jua lizame. Walimu hutii.

Safina alifundisha shule ya msingi mjini Bukoba. Kila likizo ya Juni, yeye na mwenzake Buberwa walikodi shule moja ya bweni huko Maruku na kukusanya watoto wa mjini, wachache wa vijijini, na mwaka huu mmoja wa kisiwani. Huyo wa kisiwani ndiye aliyemkosesha Safina utulivu.

Aliitwa Joviana, binti wa miaka kumi na mmoja. Wazazi wake waliishi kisiwa cha Goziba, baba yake akiwa mvuvi. Aliyemleta kambini ni shangazi yake wa Bukoba, Klaudia, ambaye alisema mtoto anahitaji kucheza na wenzake, akaondoka upesi. Tangu hapo Joviana hakutulia. Wenzake walipokaa kusuka mipira, yeye alisimama. Walipocheza ngoma, alitoka kwenye duara na kwenda uani, akainua uso kuitazama migomba. Upepo ulikuwa mkali wiki ile. Majani yalichanika na kupigapiga, naye aliyatazama kama mtu anayesoma tangazo baya.

"Unatafuta nini huko juu?" Safina alimuuliza Jumatatu.

"Hakuna, mwalimu." Kisha akasema, "Naomba kumpigia baba."

Safina alimpigia. Simu haikupatikana. "Kisiwani mtandao ni wa shida. Tutajaribu kesho," alisema. Kesho yake kukawa na ngoma za kuazima na mtoto aliyejikata kidole, na Safina akasahau.

Jumatano asubuhi watoto walikula wali na maharage huku wakicheka, lebo za mashati zikining'inia nje. Safina mwenyewe alivaa dera lake ndani nje. Buberwa alivaa koti mgongo mbele. Kisha kikapita kikapu cha kahawa mbichi chenye punje moja tu iliyoiva, nyekundu. Atakayeitoa akiwa amefumba macho ndiye mkuu. Joviana alitia mkono, akautoa, akafumbua kiganja. Nyekundu.

Watoto walipiga makofi. Safina alifurahi kimoyomoyo, akidhani sasa binti huyu ataanza kucheza.

"Haya, mkuu," alisema, akikunja mikono mbele kama mwanafunzi. "Tufanye nini leo?"

Joviana hakutabasamu. "Vaeni viatu. Tunakwenda Kemondo."

Kicheko kikatoka tena, lakini yeye alikuwa ameshaanza kuwapanga wawili wawili, wadogo mbele, mkubwa mmoja kila mwisho. Alifanya hivyo vizuri sana. Buberwa alimvuta Safina pembeni.

"Kemondo ni mbali, na barabarani kuna malori. Mchezo uishie hapa."

"Niliwaambia tutatii."

"Tutatii kula wali asubuhi! Si kupeleka watoto wa watu ziwani."

Safina alijua Buberwa anasema kweli. Lakini alimtazama mtoto akihesabu wenzake kwa kugusa vichwa, kisha akianza upya, akaona huu si mchezo. Alimwendea akachutama mbele yake, maana siku ile yeye ndiye alikuwa mtoto.

"Mkuu, kwa nini tunakwenda Kemondo?"

Joviana akamjibu kwa sauti ya mtu mzima: "Hilo si swali la watoto."

"Nani huwa anakujibu hivyo, mwanangu?"

Joviana alitazama migomba, akatazama lango, na mara akakimbia. Akapita lango la shule na kushika njia ya chini, kati ya mashamba ya kahawa.

"Kaa na watoto!" Safina alimpigia Buberwa kelele, naye akakimbia, dera akilishika kwa mkono mmoja. Alimpata kwenye kijiwe cha bodaboda, akimsihi dereva amchukue bila nauli. Safina alimshika bega. Wote wawili walikuwa wanahema.

"Ungepotea! Ungegongwa!"

"Mama ana mimba," Joviana alisema. "Na upepo hauachi. Upepo kama huu boti hazivuki."

Hapo ndipo maneno yote yalipomtoka, akiwa amesimama kando ya barabara. Mwaka jana mama yake alivimba miguu, kisha uso, kisha akaanza kuanguka kwa degedege. Mawimbi yalikuwa makubwa, wakakaa mwaloni, pale boti zinapotia nanga, wakingoja boti inayothubutu. Boti ilipopatikana mtoto alikuwa ameshakufa tumboni. Mama alipona kwa shida. Mwaka huu, tumbo lilipokua tena, Joviana aliuliza kama mama atavuka mapema, akaambiwa hilo si swali la watoto. Kisha akaletwa kambini.

Safina aliikumbuka simu aliyoahidi kupiga jana. "Ngoja nimpigie shangazi yako sasa hivi."

"Hapana! Shangazi atasema mambo ni mazuri. Hata mwaka jana alisema mambo ni mazuri." Joviana alifuta pua kwa mkono wa shati. "Nataka kumuuliza mtu aliyetoka Goziba. Mtu yeyote."

Dereva wa bodaboda aliwatazama, mmoja baada ya mwingine, akatia pikipiki moto. "Pandeni, waitu," alisema, kwa neno la heshima la Kihaya.

Huko Kemondo ziwa lilikuwa jeupe kwa mapovu. Boti zilifungwa kamba mbilimbili na bado ziligongana. Wanaume waliokaa kwenye magunia ya dagaa waliona mwanamke na mtoto waliovaa ndani nje, wakaanza kucheka, kisha wakauona uso wa mtoto, wakanyamaza. Joviana alipita kwa kila mmoja. "Shikamoo. Umetoka Goziba? Shikamoo. Umetoka Goziba?" Wengi walitikisa vichwa. Safina alimfuata nyuma, asijue la kufanya na mikono yake.

Mzee mmoja aliyekuwa akiziba nyufa za boti aliinuka taratibu. Aliitwa Bartholomayo, nahodha wa boti ya dagaa.

"Wewe si binti wa Rwekaza?"

Joviana alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mama yuko wapi?"

"Mama yako nilimvusha mimi mwenyewe Jumapili, kabla upepo haujachafuka. Baba yako alikuwepo, simu yake ikatumbukia majini tukicheka naye. Tukawashusha upande wa Muleba, gari likawapeleka hospitali. Mimi nikaja huku na mzigo, nikanaswa na upepo." Alimtazama Safina kwa mshangao. "Shangazi yake anajua. Hakumwambia?"

Safina alipiga simu hapo hapo. Klaudia alipopokea na kusikia wako wapi, alianza kulalamika: walitaka mtoto asiwe na wasiwasi, wasiwasi haumfai mtoto, ndiyo maana wakampeleka akacheze. Joviana alinyoosha mkono akaichukua simu.

"Shangazi, amevimba miguu tu, au na uso?"

Upepo uliingia kwenye simu.

"Na uso," Klaudia alisema mwishowe. "Lakini wanampa dawa, na presha imeshuka. Wanasema huenda wakampasua. Sikukwambia kwa sababu mimi mwenyewe naogopa, mwanangu."

"Mimi pia naogopa," alisema Joviana. Ilikuwa mara ya kwanza Safina kumwona anakaa chini. Alikaa kwenye gunia la dagaa, simu sikioni, akalia kwa sauti, na Bartholomayo akasimama upande wa upepo kumkinga.

Safina angeweza kumrudisha Maruku na kumwambia habari sasa amezipata. Alimpigia Buberwa, akamweleza, akasema hatarudi kabla ya jioni. Buberwa alivuta pumzi. "Nenda," alisema. "Huku wamemchagua mpishi kuwa mkuu. Ametuamuru tulale."

Walipanda gari hadi Muleba. Wodini mama alikuwa kitandani, uso umejaa, macho membamba. Alipomwona Joviana aligeuka upande wa ukuta, kwa aibu ya kuonekana vile. Joviana alizunguka kitanda hadi upande wa pili, akapiga magoti, akambonyeza mguu kwa kidole kuona shimo litabaki kwa muda gani.

"Nani alikwambia?" mama aliuliza.

"Nimeuliza."

Mama alimshika kichwa, wala hakusema tena habari za maswali ya watoto. Rwekaza, baba yake, aliyekuwa amelala kwenye benchi, aliamka na kukuta binti yake ameshamwekea mama mto chini ya miguu.

Safina alirudi Maruku peke yake. Alhamisi ilikuwa Siku ya Mapishi. Watoto walimenya ebitoke, ndizi za kupika, hadi viganja vikawa vyeusi kwa utomvu, na Safina alimenya nao, lakini kila simu ilipolia alisimama na kisu mkononi. Mara ilikuwa mzazi, mara mwenye duka. Alitoka uani, akarudi, akatoka tena. Buberwa alimnyang'anya kisu.

Alasiri ilipiga namba asiyoijua.

"Mwalimu, ni mimi." Joviana alikuwa anaongea haraka, nyuma yake kuna kelele za wodi. "Wamempasua. Ni mvulana. Ni mdogo sana, wamemweka kwenye chumba cha joto, lakini analia. Nimemsikia mwenyewe."

"Na mama?"

"Amelala. Baba aliniambia anaendelea vizuri, nikasema nataka kumwona. Nesi akanifungulia mlango. Anapumua, mwalimu. Nimesimama pale mpaka nikaridhika."