Soketi Isiyofika Popote

Fundi alianza kuchukia marashi siku dada yake alipoolewa. Shemeji yake alijimwagia manukato kiasi kwamba ukimpa mkono asubuhi, mchana unakula chakula kinachonuka yeye. Mtaa mzima ulimwita Marashi, naye akaona fahari. Alikuwa na yadi ya magari yaliyotumika, na juu ya geti ameandika kwa rangi ya kijani: MAGARI YA UMEME. Mara kwa mara fundi alipita chini ya maandishi yale, akaingia kufanya kazi. Nusu ya kazi za gereji yake zilitoka humo.

Asubuhi hiyo aliyekuja gereji ni Mwalimu, mama mstaafu aliyewafundisha hesabu yeye na dada yake. Alikuja na gari dogo jeupe, akaliegesha kwa kulinyoosha mara tatu, utadhani sakafu ile ya grisi ilikuwa na mistari.

"Shikamoo, Mwalimu," fundi alisema, wakapeana mikono.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa. Soketi yangu inakula umeme lakini haishibi."

Akaeleza. Mume wake ana mapafu mabovu, moshi kidogo tu unambana kifua. Ndiyo maana alitaka gari lisilotoa moshi, na Marashi akamhakikishia kwamba hili ni la umeme, petroli ni akiba tu. Miezi mitatu sasa, kila jioni Mwalimu anapitisha waya dirishani na kuuchomeka kwenye bampa la mbele. Taa ya kijani kwenye waya inawaka mpaka asubuhi.

"Lakini nikiondoka getini, injini inanguruma. Moshi unaingia ndani, mzee anakohoa mpaka anashika ukuta. Nikampigia shemeji yako. Akasema umeme wa nyumbani kwangu ni dhaifu, nipunguze matumizi. Basi tumeacha kupiga pasi jioni, na feni ya mzee tunaizima."

"Feni ipi?"

"Inayompulizia akilala. Anasema atavumilia joto, bora gari lishibe."

Fundi akachukua bisibisi. Alichuchumaa mbele ya bampa, akafungua kifuniko chenye alama ya radi. Soketi ilikuwa safi, inameta. Akalegeza skrubu mbili, akaivuta, nayo ikamfuata mkononi nzima nzima. Nyuma yake hapakuwa na waya hata mmoja. Palikuwa na kipande cha sponji kilichozungushiwa utepe mweusi, na mwisho wa utepe ulikunjwa mara mbili, ukaacha kimkia cha kushikia.

Fundi akakishika kimkia kile. Katika mtaa ule, mtu anayekunja mkia wa utepe namna ile ni mmoja, naye ni yeye mwenyewe. Fundi aliyemlea kazini alimfundisha hivyo, kwamba umwachie fundi atakayekuja baada yako mahali pa kushika. Yeye aliufuata ustaarabu huo kila siku, hata siku ile Marashi alipomletea sanduku la vifuniko vyenye soketi na kusema, "Mapambo tu, shem, wateja wanapenda." Akavifunga kwenye magari kumi na moja, kimoja baada ya kingine, huku anapiga mluzi.

"Imeharibika?" Mwalimu aliuliza.

"Haijaharibika. Haijawahi kuwa soketi."

Mwalimu alivuta stuli, akatoa kidaftari mkobani. "Nieleze. Taratibu, usinifiche kwenye maneno ya ufundi."

"Gari la umeme mtupu halina injini kabisa, Mwalimu. Halina tangi wala bomba la moshi. Lina betri kubwa na mota, usipolichaji halisogei."

"Hili lina bomba."

"Ndiyo. Hili ni haibridi, lina injini na mota pamoja. Sasa haibridi nazo zinatofautiana. Ipo ya kuchomeka, betri yake ni kubwa kiasi. Ukiichaji unakwenda safari za hapa na pale kwa umeme, chaji ikiisha ndipo injini inaingia. Hiyo ina soketi ya kweli."

"Hiyo ndiyo niliyodhani ninayo."

"Lakini hili lako ni haibridi ya kawaida. Betri ndogo, inachajiwa na injini, na kidogo ukikanyaga breki. Halichomekwi popote. Umeme wake wote mzizi wake ni petroli. Na kuna zile nyepesi, mota yake inaisaidia injini tu, haiwezi hata kulivuta gari peke yake. Shemeji anazo nne pale. Nazo kaziandika umeme."

Mwalimu aliandika yote, akapiga mstari chini. "Na ile taa ya kijani?"

"Iko kwenye waya. Ukiuchomeka ukutani inawaka, hata upande wa pili ukiuning'iniza kwenye ndoo."

"Kwa hiyo miezi mitatu nimemzimia mzee feni kwa ajili ya sponji."

Ndivyo ilivyokuwa, na hapakuwa na namna ya kuipaka sukari. Mwalimu akanyanyua ile soketi kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayemtoa panya mtungini.

"Nani aliifunga?"

Angeweza kusema hajui. Angeweza kumtupia mzigo wote Marashi, na nani angebisha?

"Mimi, Mwalimu."

Mwalimu alitoa leso. Alifuta mkono aliompa wakati wa salamu, kidole kwa kidole, bila haraka. Fundi alitamani angetukanwa.

"Ulijua?"

"Sikuuliza."

"Sijakuuliza kama uliuliza."

"Nilijua," alisema fundi. "Pambo la bampa haliwi na matundu ya kuchomekea. Niliona, nikajitia hamnazo. Nilihofia kazi."

Simu ikaita kwenye meza. Mikono yake ilikuwa na grisi, akabonyeza spika kwa kifundo cha kidole, kama kawaida yake.

"Shem!" Sauti ya Marashi ilijaa gereji, na fundi angeapa kwamba hata harufu ilipita. "Zimeingia tatu mpya. Njoo na vifuniko chap. Kuna dada hapa mtoto wake ana pumu, anataka la umeme leo leo. Nimeshamlainisha, bado kusaini tu."

Mwalimu alikuwa anamtazama. Ni macho yaleyale ya zamani, ya kusubiri mtoto aliyesimama ubaoni.

"Nakuja, shemeji," fundi alisema. "Lakini sileti vifuniko. Nakuja kuvifungua, na huyo dada nitamwonyesha kilicho nyuma yake."

"Unasemaje wewe? Dada yako atakula nini?"

Fundi akakata simu, akachukua bisibisi. Mwalimu alikuwa ameshafungua mlango wa abiria.

"Panda. Nitakupeleka mimi."

Akamwekea ile soketi mapajani, yeye akakaa kwenye usukani, lakini hakuwasha gari. Alipiga simu nyumbani kwanza.

"Mzee, washa feni," alisema. Akasikiliza kidogo. "Hapana. Gari halijashiba. Wewe washa tu, na usiku usiizime tena."