Paka Hafungwi Kama Kuku

Libérata, muke wa marehemu ndugu yangu Zéphyrin, alifika kwangu Burungu kisha siku ine za kutembea toka Buleusa. Alikuwa na kitunga kimefunikwa na kitenge. Nilizani ni kuku. Kumbe ni paka. Vita ilimukimbiza, sufuria na nguo zikabakia, lakini paka wake Chérie hakumuacha nyuma.

Mimi niko na Kapita, paka dume, mwaka wa saba sasa anachunga mahindi yangu. Nilimuita vile juu anatembea ndani ya nyumba kama mukubwa wa kazi.

Nilifurahi, lakini roho haikutulia. Kama Libérata anakosa raha kwangu, ataenda kulala ku kambi ya wakimbizi chini ya shiti ya plastiki, na miaka yake sitini na kitu. Na ni muntu wa haya. Neno moja likimuuma, anaondoka bila kelele.

Basi nikafanya haraka. Kwetu kuku mugeni tunamufunga kamba ya mugomba ku muguu, karibu na mafiga, siku tatu, mupaka azoee nyumba. Nikamufunga Chérie vile vile. Mujukuu wangu Naomie, anayesoma sekondari, aliniambia kama paka si kuku. Nikamutuma aniletee kamba ingine, yenye nguvu.

Kapita akaingia. Alisimama, mukia ukavimba kama ufagio, kisha akaruka. Chérie alitaka kukimbia, kamba ikamurudisha. Alitaka kupanda juu ya kuni, kamba ikamurudisha. Niliwamwangia maji ya vyombo, mimi mwenyewe nikalowa. Wakati nilikata kamba, sikio la Chérie lilikuwa limepasuka, akakimbilia chini ya kitanda cha Libérata.

Libérata hakunigombeza. Ingekuwa afazali anigombeze. Alikaa anakunja kitenge chake, anakikunjua, anakikunja tena.

"Dada," akasema, "mugeni mwenye kufungwa anapigwa bila njia ya kukimbia. Kesho nitauliza kambi iko upande gani."

"Mwenye kosa ni mimi, si nyumba," nikamuambia. "Unipe juma moja."

Alinipa siku tano.

Tukamuweka Chérie ndani ya chumba cha Libérata, mulango umefungwa, na karai ya majivu ya haja zake. Naomie alisema tubadilishe magunia yao ya kulalia, kila mumoja azoee harufu ya mwenzake. Ndagala, samaki ndogo za kukausha, tuliwapa kila mumoja upande wake wa mulango, kwanza mbali, kisha karibu zaidi. Mimi sikukaa chini. Nilikuwa naacha kupalilia katikati ya mustari, narudi kutega sikio. Bugali iliungua mara mbili. Jirani Nyiraneza alicheka, akauliza kama mbuzi za mahari ya Chérie zimeshafika, juu hata harusi ya binti yake haikumusumbua hivi.

Siku ya ine tukafungua mulango kidogo, upana wa mukono. Wakanguruma, samaki iko mudomoni. Wakakula vile vile, wananguruma. Nilikuwa nimeshika ufagio kwa mikono miwili.

"Weka ufagio chini," Libérata akasema toka ndani. "Wewe ndiyo unawatisha."

Siku ya tano tukafungua mulango wote. Chérie akatoka, anafuata ukuta. Kapita akamupiga kofi moja, bila kutoa kucha. Chérie hakukimbia, hakulipiza, akakaa chini. Kapita akamuangalia, akaangalia pembeni kama muntu aliyesahau alichotaka kusema, naye akakaa. Hatua mbili kati yao. Urafiki, hapana. Lakini hakuna aliyeondoka.

Nilingojea Libérata aseme kama atabakia ama ataenda kambini. Yeye alikuwa amesimama mulangoni, anaangalia shamba langu nyuma ya nyumba.

"Munapanda mihogo karibu-karibu sana," akasema. "Ndiyo maana inatoa mizizi kama vidole. Musimu unaokuja nitakuonyesha."

Mihogo ile napanda hivi tangu mama yangu ananifundisha, na hakuna muntu nimeshamuruhusu kuigusa. Nikamuambia ni sawa, anionyeshe.